Jezi Namba Kumi na Nne

Novemba walinishushia kapu la kwanza:
jezi kumi na tano za kijani kilichochujuka,
zikinuka jasho jipya na majigambo.
Tulikuwa tumeshinda kwa pointi ishirini na mbili,
na hata mashine yangu, kizee chenye kikohozi,
siku ile ilizunguka bila kulalamika.

Mimi huwa sipandi kutazama.
Chumba cha kufulia kiko chini ya uwanja,
dari yangu ndiyo sakafu yao.
Nasikia mpira ukidunda juu ya utosi wangu,
raba zikilia kwenye mbao,
kisha kimya. Kimya kiko cha aina mbili,
miaka kumi na tisa imenifunza kuvitofautisha:
kimya cha mpira ulio hewani,
na kimya cha watu wanaotafuta makoti yao.

Desemba, kimya cha pili.
Tulifungwa na Wakatoliki, tukafungwa na Walutheri,
tukafungwa na chuo cha kilimo
ambacho nyota wao alicheza na mafua.
Kocha Rudnik akaapa hatanyoa mpaka tushinde;
kufika Krismasi alifanana
na Baba Krismasi aliyefukuzwa kazi.
Jasho la kufungwa ni zito kuliko la kushinda.
Msinibishie. Mimi ndiye niliyelibeba.

Januari ya Dakota Kaskazini haina utani.
Basi lilizima kati ya miji miwili isiyo na taa,
wakakaa humo saa tano,
jezi chafu juu ya jezi safi, soksi mikononi,
na Anders Bjelland, yule mrefu asiyejua mitupo huru,
akawasomea kwa sauti ya mchungaji
kitabu cha maelekezo ya injini
mpaka wakacheka, mpaka trekta likaja.
Hayo nilisimuliwa. Nilichokiona mimi
ni kapu lililoganda kama tofali.
Nilingoja liyeyuke ndipo nikatenganisha mikono na migongo.

Wiki hiyohiyo Colter Vasek akaondoka.
Baba yake alivunjika nyonga,
na ng'ombe wanaozaa Februari hawajui ratiba ya ligi.
Alishuka mwenyewe, jezi ameikunja pembe kwa pembe,
kama mtu anayelipa deni asilotaka liishe.
"Ni safi, Gunda," alisema. "Sikucheza."
Niliifua hivyo hivyo.
Niliifua kila Jumapili pamoja na nyingine,
namba isiyo na mgongo,
nikaitundika kwenye msumari karibu na mlango.

Februari: kufungwa, kufungwa,
kushinda kwa bahati (Kocha akanyolea kwenye sinki langu,
ndevu zikaziba bomba), kufungwa.
Mfukoni mwa bukta moja nilikuta karatasi,
mishale na misalaba, wino umevuja.
Niliianika juu ya bomba la mvuke, bado ipo.
Mshale mmoja unatoka nje ya ukurasa
na sijui nani alitumwa huko.

Mechi ya mwisho walikuja mabingwa.
Nilipanda. Ndiyo, nilipanda, hadi ngazi ya mwisho,
nikachungulia kama mwizi.
Sekunde mbili, tuko nyuma pointi moja,
na aliyechezewa rafu ni Anders. Mungu wangu, Anders.
Wa kwanza ulizunguka chuma mara mbili
ukaingia kwa aibu.
Wa pili sikuuweza. Nilishuka mbio,
nikasimama kati ya mashine na ukuta,
nikasikiliza kile kimya cha kwanza
kikirefuka, kikirefuka,
halafu dari ikatetemeka
na vumbi la miaka likanimwagikia nyweleni.

Ushindi nane, vipigo kumi na nane.
Hakuna atakayetuandikia bango.

Usiku wa manane lilikuja kapu.
Nilihesabu: kumi na tano.
Nikageuka, nikatazama msumari. Mtupu.
Nani alishuka kuichukua, sikumwona.
Namba kumi na nne ilikuwa chini kabisa,
imelowa kwapani,
na inanuka ng'ombe.
Niliifua peke yake, kwa maji baridi.